Kuta za Makasha ya Chuma na Mawe: Tulichojifunza Nyuma ya Zahanati

Mada iliyotolewa na kitengo chetu cha ujenzi katika mkutano wa mwaka wa kamati za maendeleo za parokia na wafadhili



Kitengo cha ujenzi kimepangiwa muda baada ya taarifa ya fedha na kabla ya chai. Tunajua huo si wakati mzuri wa kuzungumzia udongo. Lakini tulipokea barua kutoka kwa mmoja wa wafadhili wetu yenye swali la haki kabisa, na tuliahidi kulijibu mbele ya wote.

Swali lenyewe ni hili. Huko kwao Marekani, kando ya barabara na reli, kuna kuta za kuzuia udongo zilizojengwa kwa makasha ya chuma. Ni mabati mazito yenye migongo, yaliyopakwa zinki, yanayoungwa kwa bolti hadi yakawa kama masanduku makubwa yasiyo na kitako wala kifuniko, kisha yanajazwa changarawe. Ni imara, hujengwa kwa siku chache, hayahitaji saruji. Sasa kwa nini fedha zake hapa Upareni zinanunua vikapu vya waya na kulipia malori ya mawe?

Ili tumjibu vizuri inabidi tuanze na ukuta ulioanguka, jambo ambalo wengi wenu mnalifahamu kwa kusikia tu.

Ukuta uliopakwa rangi

Mwaka 2017 tulijenga ukuta wa mawe na saruji nyuma ya zahanati ya parokia moja hapa wilayani Same. Zahanati ilijengwa kwenye kiwanja kilichochongwa mlimani, kama vilivyo viwanja vyetu vingi. Nyuma ya wodi ya wazazi ulibaki ukingo wa udongo mwekundu wenye kimo cha mita 2.5, hatua chache tu kutoka dirishani. Ukuta ulipendeza. Tuliupaka rangi nyeupe na kuandika juu yake majina ya parokia na marafiki waliochangia.

Ndani ya ukuta huo fundi aliacha matundu ya kutolea maji, vipande vya bomba vilivyochungulia nje. Masika ya 2018 yalipoanza, matundu yakatoa maji mekundu yaliyotiririka juu ya rangi na juu ya majina. Uzinduzi ulikuwa karibu. Matundu yakazibwa kwa saruji, ukuta ukapakwa rangi upya. Hatusemi haya ili kumtafuta wa kumlaumu. Fundi aliuliza kwanza, na ofisi yetu ndiyo iliyokubali. Barua ya kukubali bado ipo kwenye faili, na imesainiwa na sisi.

Vuli ya 2019 mnaikumbuka ilivyokuwa. Mvua ilinyesha mfululizo hadi mlima ukawa kama sponji. Usiku mmoja muuguzi wa zamu aliona maji yakichuruzika chini ya dirisha la wodi, mahali ambapo hayakuwahi kuonekana. Hakusubiri kumpigia mtu simu. Aliwahamisha mama wawili na vichanga vyao hadi chumba cha mbele cha kupimia wagonjwa. Alfajiri ukuta ukateleza. Haukuvunjika vipande vipande. Ulisogea mzimamzima kama sanduku linalosukumwa sakafuni, ukaubomoa ukuta wa wodi na kulalia vitanda.

Hakuna aliyekufa, na kwa hilo tunamshukuru Mungu na muuguzi yule. Lakini wodi ilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Akina mama walishuka kwa miguu au kwa pikipiki hadi kituo cha afya cha tambarare, na si wote waliofika kabla ya uchungu kuwakuta njiani. Tukizungumza gharama za ujenzi, hiyo nayo ni gharama, ingawa haikuandikwa kwenye taarifa yoyote tuliyowapelekea wafadhili.

Mlima unasukuma kwa kiasi gani

Ukuta wa aina tunayoizungumzia leo huitwa ukuta wa uzito. Haushikiliwi na nondo wala haujafungwa nyuma kwa kamba. Unasimama kwa sababu ni mzito, basi. Udongo ulioko nyuma unausukuma mbele, na uzito wa ukuta unaung'ang'aniza chini.

Mafundi wengi wa vijijini hudhani kwamba ukuta wenye kimo mara mbili unahitaji nguvu mara mbili. Sivyo. Msukumo wa udongo ni mdogo juu na mkubwa chini, hivyo kimo kikiongezeka mara mbili, jumla ya msukumo huongezeka mara nne. Kwa udongo wa kawaida uliokauka vizuri, ukuta wa mita 3 unasukumwa kwa nguvu ya kama tani 2.7 kwa kila mita moja ya urefu wake. Ukiwa wa mita 6, nguvu inakaribia tani 11. Kwa hiyo fundi aliyejenga vizuri ukuta wa mita moja na nusu shambani kwake asipewe ule wa mita 4 nyuma ya shule kwa sababu tu wa kwanza haujaanguka.

Hizo tani 2.7 ni za udongo mkavu. Sasa maji yakijaa nyuma ya ukuta na kukosa pa kutokea, ukuta uleule wa mita 3 utasukumwa kwa tani 5.7 hivi. Yaani zaidi ya mara mbili, na hakuna jiwe hata moja lililoongezeka mlimani. Tulipoziba yale matundu kwa debe moja la saruji, tuliongeza mzigo huo.

Ukuta mpya tulioujenga mwaka 2021 una mita 3 pamoja na nusu mita iliyofukiwa ardhini. Una safu tatu za vikapu vya mawe: ya chini ina upana wa mita 2, ya kati mita 1.5, ya juu mita 1. Mawe yaliyopangwa ndani ya kikapu, ukihesabu na nafasi zilizobaki katikati yake, yana uzito wa kama tani 1.75 kwa mita ya ujazo. Kila mita ya ukuta huo basi ina uzito wa karibu tani 7.9. Msuguano wa chini huweza kuzuia zaidi kidogo ya nusu ya uzito huo, tuseme tani 4.3. Linganisheni: 4.3 dhidi ya 2.7, ukuta unasimama na akiba inabaki. Lakini 4.3 dhidi ya 5.7, ukuta unaondoka. Hata ukuta huu mpya, mnene kama ulivyo, ungeteleza kama maji yangezuiwa nyuma yake. Tunawaomba wajumbe wa kamati mtoke hapa na hesabu hiyo hata kama mtasahau mengine yote.

Bati au waya

Turudi kwenye barua. Kasha la bati na kikapu cha waya ni ndugu. Katika yote mawili chuma hakizuii mlima. Kazi ya chuma ni kukusanya vitu vidogo vidogo, changarawe au mawe, ili viwe mzigo mmoja mzito. Vikapu vya waya, ambavyo mafundi wetu huviita gabioni, vilianza kutumika kwa namna tunayoijua leo mwishoni mwa karne ya 19 huko Italia, kwenye mto Reno karibu na mji wa Bologna, na jina lenyewe kwa Kiitaliano lina maana ya tundu kubwa.

Makasha ya bati ni mazuri. Mahali penye changarawe nyingi na mawe machache, penye barabara ya kupitisha trela na mashine ya kushindilia, tungeyachagua bila kusita. Yana faida nyingine pia: ukihitaji kuuhamisha ukuta, unafungua bolti.

Ila kasha la bati halipendi kujazwa udongo wa mfinyanzi. Mfinyanzi hushika maji, huvimba, hulisukuma bati kutoka ndani na kulilisha kutu. Linataka changarawe inayopitisha maji, iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka kadiri mabati yanavyopandishwa. Huku juu tuna mfinyanzi mwekundu mwingi kupita kiasi, na changarawe ya karibu iko chini tambarare. Mawe, kwa upande mwingine, yamejaa kwenye korongo chini ya kijiji. Tena msingi wa makasha lazima uwe sawa kabisa kwa pima maji, maana tundu la bolti lisipolingana na tundu la bati la pili, kazi inasimama. Na ikipotea pakiti moja ya bolti kati ya bandarini na hapa, tutaisubiri miezi. Kikapu cha waya kinapatikana nchini, kitupu kinakunjwa na mtu mmoja anakibeba begani, na kikikosa umbo sahihi kwa sentimita mbili mlima haujali.

Kuhusu kutu, ambalo ni swali la pili katika barua ileile: waya uliopakwa zinki vizuri hudumu miongo kadhaa katika hali ya kawaida. Pwani, kwenye hewa ya chumvi, au kwenye maji yenye tindikali, zinki peke yake haitoshi; hapo unanunua waya uliovikwa plastiki juu ya zinki. Waya rahisi wa uzio, usio na zinki ya kutosha, msiuguse hata mkipewa bure.

Siku za msaragambo

Kazi ilianza kwa kuchimba. Tulisogeza ukingo nyuma kidogo kidogo, kipande cha mita chache kwa wakati, wakati wa kiangazi, na msingi tuliuinamisha kuelekea mlimani ili ukuta uegemee unakosukumwa. Wodi mpya nayo tuliisogeza mbele.

Siku ya pili mzee mmoja, aliyewahi kusimamia ukarabati wa ndiva za ukoo wake tangu ujana, alikuja na mkongojo akasimama kwenye shimo. Akatuonyesha mahali penye majani mabichi katikati ya ukingo uliokauka. Akasema, "Wanangu, hapa kuna jicho la maji. Msipolipa njia litajitafutia." Wahandisi wetu walikuwa wamepima udongo sehemu tatu na jicho hilo hawakuliona. Tulichimba mtaro pale, tukalaza bomba lenye matundu, tukalizungushia kokoto na kitambaa cha kuchuja, likatoa maji siku ileile. Hadi leo halijakauka.

Mawe yalihitajika mita za ujazo 90 kwa ukuta wa mita 20. Hizo ni zaidi ya safari 20 za lori la tani 7, na lori halifiki korongoni, hivyo mawe yalipandishwa kwanza kwa mikono hadi barabarani. Hapo ndipo msaragambo ulipofanya kazi. Jiwe linalofaa ni gumu, halimomonyoki kwenye maji, na ukubwa wake ni kati ya sentimita 10 na 20 hivi; likiwa dogo zaidi litatoka kwenye macho ya waya. Watoto wa shule walitaka kusaidia kwa kuleta vijiwe. Tuliwashukuru, tukavipeleka kwenye mtaro wa kokoto.

Vikapu hupangwa vikiwa vitupu, kisha hushonwa kimoja kwa kingine kwa waya, mzunguko mmoja kisha miwili, kila sentimita 10 hadi 15. Akina mama wanaosuka mikeka na vikapu waliishika kazi hii haraka kuliko mafundi, na mishono yao ndiyo iliyonyooka. Kisha kikapu hujazwa kwa awamu tatu. Kila kinapofika theluthi, waya wa kuvuta hufungwa kutoka uso wa mbele hadi wa nyuma ili kikapu kisifure tumbo. Mawe ya mbele hupangwa kwa mkono kama mtu anayejenga, hayamwagwi. Juu huachwa ziada ya sentimita 3 hadi 5 kwa sababu mawe hukaa chini baada ya muda.

Kwa kuwa tumeamua kusema kweli: kikapu kimoja kimefura. Mtakiona, kiko safu ya kati, cha saba kutoka mkono wa kulia. Siku ile mvua ilikuwa inakuja, kundi lilikuwa na haraka, waya wa kuvuta wa theluthi ya pili ukasahauliwa na msimamizi wetu hakukagua. Hakina hatari, lakini tumekiacha hivyohivyo bila kukificha kwa mimea, kwa sababu hakuna somo bora kwa kundi la parokia inayofuata.

Nyuma ya vikapu kiliwekwa kitambaa cha kuchuja ili maji yapite na udongo ubaki. Udongo wa kujazia ulirudishwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20 na kushindiliwa kwa mikono. Juu ya ukuta, mlimani, tulichimba mfereji wa kukinga maji ya mvua na kuyapeleka pembeni kabla hayajafika.

Mvua za El Nino za kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi masika ya 2024 ziliukuta ukuta huu mahali pake na zikauacha mahali pake. Wodi haikufungwa hata siku moja.

Fedha zilizofukiwa

Sasa tunazungumza na wafadhili, na mtuwie radhi tukisema wazi. Sehemu kubwa ya fedha za ukuta huu haionekani. Iko kwenye uchimbaji, kwenye mtaro, kwenye kitambaa, kwenye udongo ulioshindiliwa. Tulipopeleka mchanganuo wa kwanza, tulirudishiwa tukiombwa kupunguza "kazi za pembeni" ili fedha ziende kwenye ukuta wenyewe. Tulieleweshana na fedha zikatoka, tunashukuru. Lakini tungependa siku nyingine tusilazimike kubishana. Kama fedha hazitoshi, punguzeni urefu wa ukuta au tusubiri mwaka mwingine. Mtaro usipunguzwe.

Kibao chenye majina kipo. Kimewekwa kwenye ukuta wa mapokezi.

Kamati za parokia nanyi mna sehemu yenu. Mfereji wa juu ukijaa majani na tope, maji yote yatarudi nyuma ya ukuta. Kila kamati yenye ukuta imteue mtu mmoja, kwa jina, atakayeusafisha kabla ya vuli na kabla ya masika, na kuangalia kama bomba la chini linatoa maji. Bomba lililokuwa linatoa maji likiacha ghafla wakati wa mvua si habari njema. Ni la kutupigia simu siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mkiona ufa kwenye ardhi juu ya ukuta, au mti uliosimama wima ukianza kuinama.

Tulipokataa

Kuna parokia moja iliyotuomba ukuta wa kulinda madarasa mawili, nasi tulikataa. Wajumbe wake wamo humu ukumbini na tunajua bado wana uchungu. Tulipopanda juu ya shule tulikuta ufa unaopita shambani kwa urefu mkubwa, mbali sana juu ya mahali ambapo ukuta ungesimama. Huko si ukingo unaoanguka. Ni mteremko mzima unaotembea.

Ukuta wa uzito huzuia udongo ulio nyuma yake. Hauzuii mlima. Mamba Miamba, hapahapa wilayani, mwezi Novemba 2009, zaidi ya watu 20 walikufa kwa maporomoko. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliufikia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Hakuna kikapu wala kasha, la waya au la bati, ambalo lingesimama mbele ya vitu vile. Kama tungekubali kujenga pale shuleni, wazazi wangeona mawe yamepangwa vizuri na kuwaacha watoto waendelee kukaa chini ya ule ufa kwa amani. Ushauri wetu ulikuwa, na bado ni, madarasa yahamishwe. Kiwanja kimepatikana upande wa pili wa barabara, kwa ukarimu wa familia moja. Kinachokosekana ni fedha za kuhamisha, ambazo hazimo katika fungu lolote la bajeti tulilonalo kwa sababu si ujenzi mpya wala si ukarabati. Tumeandaa maombi ya kurasa mbili. Nakala zipo mezani karibu na mlango, na tunawaomba wafadhili mchukue kabla ya kuondoka.

Baada ya chai tutashuka pamoja hadi zahanati. Juu ya ukuta kuna bomba la ukaguzi. Vijana watamimina humo ndoo kumi za maji, nasi tutasimama chini tuone yanatokea wapi na baada ya muda gani. Anayependa kushuka avae viatu vinavyoshika, njia ina utelezi.